Naomba msaada: kuweka taarifa ya benki na leja ya Excel kwenye skrini moja

Mhasibu Msaidizi

Wanajukwaa, habari za kazi. Ninafanya kazi ya uhasibu katika SACCOS ndogo, na kila mwisho wa mwezi hufanya usuluhishi wa hesabu za benki. Taarifa ya benki huja kwa PDF, leja yetu iko kwenye Excel, nami natakiwa kuoanisha muamala mmoja baada ya mwingine. Hadi sasa nabadilisha dirisha kwa vitufe vya Alt na Tab: nasoma kiasi na namba ya muamala kwenye PDF, nahamia Excel, na nikifika huko mara nyingi namba imeshanitoka kichwani au nimepoteza mstari niliokuwa nao. Nikijaribu kuyapunguza madirisha kwa kuvuta pembe zake, moja hufunika jingine. Kompyuta ni mpakato ya inchi 14 yenye Windows 10, na skrini yake ni ya pikseli 1366 kwa 768. Je, kuna njia ya kuyaweka yote mawili yaonekane kwa pamoja, na je, skrini ndogo kama hii inafaa kwa kazi hiyo, au niiombe ofisi inunue skrini ya pili?

Fundi Mstaafu

Ndugu Mhasibu, achana na pembe. Bofya dirisha la PDF, shikilia kitufe chenye nembo ya Windows, kisha bonyeza mshale wa kushoto. Dirisha litahamia upande huo na kuchukua nusu kamili ya skrini, na upande wa kulia utaona picha ndogo za madirisha mengine yaliyo wazi. Ukibofya ile ya Excel, nayo itajaza nusu iliyobaki. Anayependa kipanya anaweza kulikokota dirisha kwa upau wake wa juu hadi kielekezi kiguse ukingo wa skrini, kisha aachie.

Mishale hiyo ipo tangu Windows 7 ya mwaka 2009, kwa hiyo hata kompyuta za zamani za ofisini zinaiweza. Kilichokuja na Windows 10 ni zile picha ndogo, uwezo wa kugawa skrini robo robo, na jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye manufaa zaidi: mpaka wa katikati. Weka kielekezi kwenye mstari unaoyatenganisha madirisha mawili hadi kigeuke mshale wenye ncha mbili, kisha vuta. Dirisha moja likipanuka jingine hupungua kwa kiasi hichohicho, wala hakuna litakalofunika mwenzake. Robo ziache, kwani kwa skrini yako hazitasomeka.

Usipoona mabadiliko yoyote, fungua Mipangilio, ingia sehemu ya "System", kisha "Multitasking", na uwashe "Snap windows", maana huenda kuna aliyeizima. Wenye Windows 11 wanaweza kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na Z, wakaonyeshwa michoro ya mipangilio ya kuchagua.

Mama Leja

Naongezea machache kwa sababu kazi hii ninaifahamu. Pikseli 1366 ukizigawa nusu kwa nusu, kila dirisha linabaki na 683, na leja yenye safu kumi haitaenea humo. Kabla ya kuomba skrini ya pili, ficha safu usizozihitaji wakati wa kuoanisha, ukaacha tarehe, namba ya muamala, kiasi na alama ya kuthibitisha. Bonyeza Ctrl na F1 ili utepe wa menyu za Excel ujikunje, kwani kwenye skrini yenye kimo cha 768 unakula nafasi ya mistari mingi. Mstari wa vichwa vya safu ugandishe ili usipotee unaposhuka chini. Kwenye PDF, chagua ukurasa utoshee upana wa dirisha, na ufunge paneli za pembeni.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitumii. Katika Windows 10 gurudumu la kipanya hushusha au kupandisha dirisha lililo chini ya kielekezi, hata kama si hilo unaloandikia. Acha kishale cha kuandikia kikae kwenye leja, weka kielekezi juu ya PDF, na uzungushe gurudumu: taarifa ya benki itasogea huku vidole vyako vikiendelea kuandika kwenye Excel. Vidole viwili kwenye pedi ya kugusa hufanya kazi hiyohiyo. Hapo ndipo utakapookoa muda wa kweli, kuliko hata katika kuyapanga madirisha yenyewe.

Msomaji wa Pwani

Kwa wasiotumia Windows: kwenye Ubuntu vitufe ni hivyohivyo, na kwenye Mac kukokota dirisha hadi ukingoni kumewezekana tangu macOS Sequoia ya mwaka 2024.

Mhasibu Msaidizi

Asanteni sana. PDF na Excel zimekaa vizuri, na hilo la gurudumu sikuwa nimelisikia popote. Limebaki tatizo moja: nikitaka kulinganisha mafaili mawili ya Excel, kwa mfano leja ya mwezi huu na ya mwezi uliopita, nikibonyeza mshale yanahama yote mawili kwa pamoja kana kwamba ni dirisha moja.

Fundi Mstaafu

Bila shaka unatumia Excel 2010 au iliyotangulia. Katika matoleo hayo mafaili yote hukaa ndani ya dirisha moja kubwa, na Windows huliona hilo kubwa tu. Kuanzia Excel 2013 kila faili lina dirisha lake, na mishale hufanya kazi bila tatizo. Kwa toleo lako, panua Excel ijaze skrini, fungua menyu ya "View", bofya "Arrange All", kisha chagua "Vertical". Mafaili yatapangwa ubavu kwa ubavu humo ndani.

Mama Leja

Na kama leja hizo mbili ni laha za faili moja, bofya kwanza "New Window" kwenye menyu hiyohiyo ya "View". Utapata dirisha la pili la faili lilelile, na utakachoandika kwenye moja kitaonekana kwenye jingine papo hapo. Ukimaliza, anza kulifunga lile lenye namba 2 kwenye jina lake, maana mara nyingi dirisha jipya halibebi mistari uliyoigandisha, na ukilibakiza peke yake wakati wa kuhifadhi utalazimika kuigandisha upya.