Amonaiti halisi: kuokota Whitby au Charmouth, au kununua za Madagaska na Moroko?

MtangaLeeds:
Wakuu, habari zenu. Naishi Leeds, Uingereza, kwetu Tanga. Nataka kuanza kukusanya visukuku (mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe) vya amonaiti, wale wanyama wa baharini wenye kombe la kujizungusha waliotoweka pamoja na dinosaria miaka milioni 66 iliyopita. Sharti langu ni moja tu: viwe halisi. Naona njia tatu. Kwenda mwenyewe Whitby, mji wa pwani ambako kwangu si mbali. Kushuka hadi Charmouth kule Dorset, pwani ya kusini. Au kununua mtandaoni, za Madagaska zilizokatwa katikati na kung'arishwa, au za Moroko, ambazo ni kubwa na bei yake nafuu. Mwakani narudi nyumbani na nitaubeba mkusanyiko wote. Mnanishauri nini?

Mwambatope:
Karibu ndugu. Kwa mtu wa Leeds, Whitby kwanza, hakuna mjadala.

Miamba ya pale ni tope la bahari ya kipindi cha Jurasiki lililogandamana, umri wake miaka milioni 180 hivi. Utakazokutana nazo zaidi ni Dactylioceras, yenye mbavu nyembamba zilizosongamana, na Hildoceras, yenye mfuo ubavuni. Hii ya pili imepewa jina la Mtakatifu Hilda, mkuu wa watawa wa Whitby katika karne ya 7. Watu wa zamani walisimulia kwamba aliwageuza nyoka kuwa mawe, na mafundi wakawa wanachonga kichwa cha nyoka kwenye amonaiti wapate kuuza. Nembo ya mji ina nyoka watatu wa aina hiyo.

Ukifika, usitafute amonaiti nzima imelala mchangani inakusubiri. Tafuta jiwe la mviringo, gumu, la kijivu, kati ya vipande bapa vya mwamba, kisha kagua ukingo wake. Ukiona mstari wa vijino vilivyojipanga, hizo ni mbavu zimeanza kuchomoza. Lisimamishe jiwe kwa ubavu, vaa miwani ya kinga, ugonge ukingoni kwa nyundo ya jiolojia, si katikati. Likikubali, linapasuka kwa kufuata kombe lenyewe: upande mmoja unabaki na amonaiti, wa pili na chapa yake. Chukua pande zote mbili, zinakaa pamoja daima.

Jabali lenyewe usiliguse. Linamomonyoka, na mawe yanaanguka bila taarifa. Yaliyokwisha kuanguka yanatosha kabisa.

BintiMvita:
Naunga mkono, ila suala la maji lisipitwe juu juu. Angalia jedwali la maji kabla hujatoka nyumbani. Siku za bamvua ufuko unafunguka mbali zaidi, lakini siku hizo hizo maji yanarudi kwa nguvu. Anza kutembea maji yakiwa bado yanatoka, ugeuke kabla hayajaanza kujaa. Saltwick Bay, ghuba iliyo karibu na Whitby, na fukwe za jirani, jabali liko mgongoni kwako. Ukizingirwa, huna pa kupandia. Ukienda na watoto, kaeni karibu na njia ya kutokea.

Kisukuku_Moro:
Mimi ni mwalimu, nitaitetea ya Madagaska. Ile inayouzwa sana ni Cleoniceras, kutoka upande wa Mahajanga, kaskazini-magharibi ya kisiwa, ya kipindi cha Kretasia, miaka milioni 110 hivi. Ikikatwa inakuonyesha kitu ambacho ya Whitby haikuonyeshi kirahisi: vyumba. Mnyama aliishi katika chumba cha mwisho tu, cha mdomoni. Alivyokua alihamia mbele na kujenga ukuta nyuma yake, na vyumba vya nyuma vikabaki na gesi ya kumwezesha kuelea. Leo vimejaa fuwele za kalsaiti, madini ya chokaa, kila kimoja na rangi yake. Fuata ukingo wa nje utaona alama ya mrija mwembamba uliopita chumba hadi chumba. Kwa nautilusi, ndugu yake aliye hai mpaka leo, mrija huo unapita katikati ya kuta. Wanafunzi wangu wakishika kipande hicho hawahitaji mchoro ubaoni.

Na kwa kuwa ziko nyingi, si rahisi mtu kujisumbua kuzighushi. Hakikisha tu nusu mbili zinalingana chumba kwa chumba.

Mwambatope:
Hapo sawa mwalimu, lakini muuzaji huandika "Madagaska" basi. Kisukuku kisichojulikana kilitoka shimo gani kimepoteza nusu ya habari zake.

NyundoMbili:
Moroko kuwe na tahadhari. Si kwamba hakuna halisi. Nchi ile ina visukuku vizuri mno. Goniataiti za eneo la Erfoud, jamaa wa kale wa amonaiti, ni za kipindi cha Devoni, zaidi ya miaka milioni 350. Tatizo ni karakana. Kuna kombe halisi lililovunjika likamaliziwa kwa kuchongwa kitovuni, yaani katikati ya mzunguko, na kuna iliyofinyangwa yote kwa unga wa mwamba na gundi.

Tafuta mishono. Pale kila ukuta wa chumba ulipogusa kombe, kulibaki mstari uliopindapinda, na kombe la juu likiondoka mistari hiyo inaonekana wazi. Mchongaji anaweza kuiga mbavu, mishono inamshinda. Tazama pia kama kuna matundu madogo ya hewa, dalili ya kufinyangwa, na kama kuna mpaka halisi kati ya kisukuku na mwamba. Sindano ya moto ikitoa harufu ya plastiki, umeshajua. Muuzaji akiwa na vipande vingi vilivyofanana mpaka ufa, ondoka.

BintiMvita:
Charmouth haijasemwa. Pale unaokota kwa macho, bila nyundo: amonaiti ndogondogo zenye rangi ya dhahabu kati ya kokoto, hasa baada ya dhoruba za majira ya baridi. Ni pwani ile ile aliyofanyia kazi Mary Anning wa Lyme Regis (1799–1847), aliyeishi kwa kuokota na kuuza visukuku.

Lakini rangi ile ni pairaiti, madini ya chuma na salfa. Ikikutana na hewa yenye unyevu inaoza: inatoa unga mweupe, harufu ya salfa, kisha tindikali inayokula hata kisanduku. Ndugu yangu unarudi Tanga. Ukizibeba, ziwe kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, uvibadilishe mara kwa mara. Za kalsaiti hazina shida hiyo.

MtangaLeeds:
Hilo la unyevu lilikuwa halijanipitia akilini kabisa, ahsante dada. Na kwetu je? Hakuna?

BintiMvita:
Zipo. Miamba ya tope nyuma ya Mombasa, pande za Changamwe na Rabai, ina amonaiti za Jurasiki. Wajerumani waliziandika tangu miaka ya 1870, na zinafanana na za Madagaska na za Kutch, India, kwa sababu bahari ilikuwa moja. Lakini Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, huchimbi wala husafirishi bila kibali. Ukiona kitu, piga picha, upeleke habari Makumbusho ya Fort Jesus.

Kisukuku_Moro:
Tendaguru, Lindi, nako ni hivyo. Wengi wanajua dinosaria waliopelekwa Berlin baada ya uchimbaji wa 1909 hadi 1913. Kati ya matabaka ya mifupa kuna matabaka ya bahari yenye amonaiti, na ndizo zilizosaidia kukadiria umri wa mifupa. Ziache pale pale. Zikiondolewa, ushahidi umeondoka.

MtangaLeeds:
Basi naanza na Whitby, nanunua moja ya Madagaska kwa ajili ya vyumba, Moroko nasubiri mpaka jicho lizoee mishono. Lebo naandikaje?

Mwambatope:
Paka tone la rangi nyeupe nyuma ya jiwe, juu yake andika namba kwa wino. Namba hiyo hiyo iwe kwenye daftari pamoja na ufuko, tarehe, na kama uliokota chini au ndani ya jiwe la mviringo. Andika Saltwick Bay, usiandike Whitby tu. Matabaka yanabadilika kadiri unavyotembea.