Naomba ushauri: rangi ya zamani yenye madini ya risasi nyumbani kwetu Kisumu

Ndugu wanachama, tunaishi Milimani, Kisumu, katika nyumba iliyojengwa kabla ya uhuru, ambayo rangi ya madirisha yake inabanduka, na mjukuu wangu wa miaka miwili huokota vigamba vyake na kuvitia kinywani. Fundi alitaka kuipiga msasa mkavu kwa mashine, nami nikamzuia, kwa kuwa rangi za enzi hiyo mara nyingi zilichanganywa na madini ya risasi, ambayo vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto hata likiwa kidogo. Marekani iliipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978.

Ninaelewa kwamba ukuta ambao rangi yake bado imeshika unaweza kufunikwa kwa rangi mpya, lakini madirisha husuguana kila yanapofunguliwa, na hapo ndipo penye hofu yangu kubwa. Je, ni bora kulowesha rangi na kuikwangua taratibu, sakafu ikiwa imetandikwa nailoni, au kung'oa fremu zote? Mabaki na maji ya kupigia deki tuyapeleke wapi, ikizingatiwa kwamba tuna kisima uani? Aidha, ni wapi Kisumu au Nakuru ninapoweza kupimiwa rangi yenyewe, na damu ya mtoto? Kwa sasa tumempeleka kwa shangazi yake Kakamega.