Tupeane uzoefu: timu za wanafunzi kwenye hakathoni za blokucheni, Tanga na Bagamoyo

Ndugu wanajamvi, habari za wakati huu. Naomba tuutumie uzi huu kupeana uzoefu wa timu za wanafunzi zilizoshiriki hakathoni (mashindano ya siku chache ya kubuni programu) za blokucheni (daftari la kidijitali ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi, kumbukumbu zikiunganishwa kama mnyororo) katika ukanda wetu wa pwani, kwa sababu vijana wengi wanauliza maswali yaleyale, na majibu wanayoyakuta mtandaoni yameandikwa kwa watu wa mazingira mengine kabisa. Kila mchangiaji aeleze timu yake ilishughulikia tatizo gani, na ilijibu nini ilipoulizwa kwa nini isitumie hifadhidata ya kawaida, yaani mfumo wa kumbukumbu unaosimamiwa na upande mmoja. Naanza mimi.

Tulikuwa wanafunzi wanne wa chuo hapa Tanga mjini: wawili wa kompyuta, mmoja wa uhasibu, na dada mmoja ambaye mama yake analima mwani wilayani Mkinga. Huyo dada ndiye aliyetuletea tatizo. Wakulima wa mwani hufunga mbegu kwenye kamba, hungoja kama wiki sita, huvuna maji yakiwa yametoka wakati wa bamvua, huanika, ndipo mnunuzi huja kupima na kuandika kilo kwenye daftari lake. Mkulima hubaki na kumbukumbu ya kichwani au kipande cha karatasi. Yakitokea mabishano, daftari linaloaminiwa ni moja tu, nalo liko mikononi mwa anayelipa. Hilo ndilo lililotushawishi kwamba blokucheni inastahili kufikiriwa, maana pande zinazohusika ni zaidi ya moja, maslahi yao yanatofautiana, na hakuna upande ambao wengine wako radhi kuuachia kumbukumbu zote.

Programu yetu ya kuandika kilo hizo tuliijenga juu ya Ethereum, mojawapo ya blokucheni zinazojulikana sana, lakini kwenye mtandao wake wa majaribio uitwao Sepolia, ambako etha, sarafu yake, haina thamani ya fedha na hugawiwa bure kidogo kidogo. Mkataba mahiri, yaani programu inayoendeshwa ndani ya blokucheni yenyewe, tuliuandika kwa lugha ya Solidity, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa ndipo tulipojifunza zaidi. Solidity haifanyi hesabu za desimali kama lugha tulizozizoea darasani, kwa hiyo kilo 12.5 haiandikiki kama ilivyo. Tuliamua uzito wote uhifadhiwe kwa gramu, yaani 12500, na programu ndiyo iugeuze kuwa kilo unapoonyeshwa kwa mkulima.

Jina na namba ya simu havikuingia kwenye mnyororo. Kilichoandikwa humo hakifutiki, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu nafasi ya kudai taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe. Tuliweka heshi peke yake, yaani alama fupi inayokokotolewa kutokana na taarifa, ambayo hubadilika taarifa ikibadilika hata kidogo, na hata hiyo si ya namba ya simu kavu, kwa sababu namba za simu zina kikomo na kompyuta inaweza kuzijaribu zote hadi iipate inayolingana. Tuliichanganya kwanza na tarakimu za siri zinazotunzwa nje ya mnyororo. Mwenzetu wa uhasibu naye alisimamia kwamba kilo zikiandikwa vibaya zisifichwe, bali liandikwe ingizo la kusahihisha, na yote mawili yabaki yakionekana kama ilivyo kwenye leja yoyote ya heshima.

Siku ya kuwasilisha, jaji mmoja, mama wa makamo, hakugusa habari za Solidity. Aliuliza: "Mzani ni wa nani?" Lilikuwa swali zito kuliko yote tuliyojiandaa nayo, kwa sababu mnyororo hulinda kilichoandikwa tu, na hauna njia ya kujua kama mzani ulisema kweli. Dada yetu wa Mkinga ndiye aliyejibu, na alijibu vizuri sana: kipimo hakihesabiki kuwa kimekubaliwa mpaka mnunuzi na katibu wa kikundi wakiidhinishe kila mmoja kwa ufunguo wake wa siri wa kidijitali, ambao ni kama saini yake, wote wakiwa wamesimama mbele ya mzani. Jaji alikubali, akaongeza kwamba mzani wenyewe uwe umehakikiwa na Wakala wa Vipimo na namba ya stika yake iandikwe pamoja na kilo. Tuliiongeza sehemu hiyo baadaye, na naiona kuwa ya maana kuliko msimbo wote tuliouandika.

Mchangiaji wa pili, Bagamoyo

Ahsante kwa kufungua uzi huu. Sisi pia tulichagua mwani, tukiwafikiria akina mama wa Mlingotini, ila kilichotushughulisha ni ufunguo. Pochi nyingi za kidijitali, yaani programu zinazotunza ufunguo huo, humpa mtumiaji maneno 12 ya Kiingereza ayatunze ili aweze kuurudisha ufunguo ukipotea, na akiyapoteza hakuna ofisi ya kwenda kuomba arudishiwe. Bibi mwenye kitochi, anayerudi kutoka majini amelowa hadi kifuani, hawezi kubebeshwa mzigo huo, na mimi sioni kama ni haki kumbebesha. Tulitengeneza pochi ya kikundi yenye funguo tatu, za mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ambayo hukubali muamala wakisaini wawili kati yao. Mkulima hupokea ujumbe mfupi wa kawaida wenye kilo, bei na tarehe. Washauri wawili wa hakathoni walisema hiyo si blokucheni halisi kwa sababu mkulima hana ufunguo wake. Tulisimama na uamuzi wetu, na hadi leo naamini ulikuwa sahihi, kwa kuwa viongozi wa kikundi wanachaguliwa na wakulima wenyewe na wanaweza kuondolewa.

Mchangiaji wa tatu, Tanga

Timu ya jirani yetu ilitaka kuwalipa wakulima wa machungwa wa Muheza kwa sarafu iliyoibuni yenyewe. Majaji waliikumbusha tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019 lililotahadharisha umma juu ya sarafu za kidijitali na kusisitiza kwamba fedha halali nchini ni shilingi. Vijana, jengeni kumbukumbu, malipo yaacheni kwenye shilingi.

Mchangiaji wa nne, Pangani

Mwanzisha uzi, hongereni. Swali langu ni moja: kwenye mtandao halisi kila kuandika kunatozwa ada ya mtandao iitwayo gesi. Nani atailipa, mkulima anayeuza kilo chache?

Mwanzisha uzi

Mkuu, swali lako ni la msingi, na ndilo lililotufanya tubadili muundo wote baada ya hakathoni. Vipimo vya siku nzima sasa vinakaa kwenye hifadhidata ya kawaida, nakala moja kwa kikundi, moja kwa mnunuzi na moja kwa chama cha ushirika. Jioni programu huchukua heshi moja ya orodha yote na kuiandika hiyo tu kwenye mnyororo, kwa hiyo ada ni ya muamala mmoja kwa siku hata wakulima wakiwa wengi. Mtu akibadilisha hata gramu moja kwenye nakala yake, heshi haitalingana na wengine wataona. Kuhusu mlipaji, tulipendekeza mnunuzi, kwa kuwa naye anahitaji ushahidi wa alichonunua anapofika kwa msafirishaji anayepeleka mwani nje ya nchi. Mnunuzi tuliyezungumza naye hajakubali wala hajakataa. Anataka kwanza kuona programu ikifanya kazi msimu mzima.