Nimepewa kundi la watalii wa mimea, siku 12, na mimi ni mtu wa simba. Nikubali?

DerevaWaLangata

Habari zenu wadau. Mimi ni dereva na mwongozaji, huu mwaka wa tisa niko barabarani, naishi Lang'ata. Nina ngazi ya shaba ya KPSGA, chama cha waongozaji safari wa Kenya, na leseni ziko sawa. Simba, chui, nyumbu wakivuka Mara, hayo nayajua kama njia ya kwenda kwetu.

Wiki jana ofisi imenipigia. Kuna Waingereza tisa, karibu wote wamestaafu, wanakuja mwanzoni mwa mwezi wa sita masika yakiisha. Simba hawawataki. Wanataka mimea, na ndege kidogo. Nairobi, Ngong, Naivasha, Kakamega, halafu Mlima Kenya upande wa Sirimon. Kiongozi wao wa kutoka kwao ameumia goti, hawezi kusafiri, ndiyo wanatafuta mwenyeji. Malipo ni karibu mara mbili ya ninayopata kwa kawaida. Mtoto anaingia sekondari, mnaelewa.

Kinachonitia hofu ni hiki. Mwaka jana nilikuwa na mama mmoja wa miaka sabini na kitu, tuko kwenye bustani ya hoteli Naivasha tunangoja boti. Akanionyesha mmea mrefu kando ya ua, maua ya rangi ya chungwa yamejipanga fundo juu ya fundo kama mshikaki, ndege aina ya chozi wanayanyonya. Akaniuliza ni nini. Nikajibu bila kupepesa macho: "Hii ni aina ya mshubiri wa huku kwetu."

Akanyamaza. Akakwanyua kipande cha shina, akaniwekea mkononi, akaniambia nisokote kwa vidole. Nikasokota. Lina pembe nne, kama kijiti cha kiberiti. Akanieleza taratibu kwamba ukikuta shina la pembe nne na majani yanayotazamana mawili mawili, anza kufikiria ukoo wa mrehani na nanaa. Ule mmea ni Leonotis. Hakunidharau hata kidogo, na hapo ndipo paliniuma. Siku zote zilizobaki akiona ua alikuwa anamuuliza mwenzake, si mimi.

Sasa nipewe tisa wa aina hiyo? Nikubali au nimwachie mwingine?

NyikaTu

Watu wanapanda ndege masaa tisa waje kuangalia majani? Mimi kwetu Kitui nina shamba limejaa magugu, niletee hao wageni wang'oe wakiendelea kutazama.

Lakini bro, pesa ni pesa. Kubali.

MamaMuhugu

Mdogo wangu, nimetembeza watu wa mimea miaka mingi, nikianzia Karura na Arboretum kabla hata sijapata gari. Hebu nikwambie mambo ambayo ofisi haitakwambia.

Kwanza, Kenya ina takriban spishi 7,000 za mimea. Hakuna anayezijua zote, hata wale wa pale herbaria ya Makumbusho ambao wameshinda na mimea iliyokaushwa maisha yao yote. Kwa hiyo usianze kukariri majina. Jifunze koo. Huyo mama wa Naivasha alikupa somo la kwanza bure na wewe ukalichukua kama aibu. Ukijua koo kumi na tano hivi, utakuwa na la kusema mbele ya karibu kila kichaka: ukoo wa mrehani kwa shina lake, ukoo wa alizeti ambao "ua" moja ni kikapu cha maua madogo mengi, ukoo wa kunde na migunga kwa maganda yake, ukoo wa bamia na pamba ambao stameni, zile nyuzi zenye chavua, zimeungana kuwa bomba katikati ya ua. Halafu mitupa, yaani Euphorbia. Hiyo mikubwa ya kule Bonde la Ufa kila mgeni wa mara ya kwanza huiita kaktasi. Si kaktasi. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hospitali, kwa hiyo waambie kabla hawajagusa.

Pili, mwendo. Hapa ndipo madereva wanaponiudhi. Kundi la mimea litamaliza saa moja unusu halijatembea mita mia mbili. Mmoja amepiga magoti, mwingine amelala kifudifudi anapiga picha ya kitu kidogo kuliko punje ya mtama, watatu wanabishana. Wewe umezoea redio ikiita chui yuko mahali fulani unakanyaga mafuta. Ukianza kutazama saa, watakuona. Nimewahi kupewa dereva aliyekuwa anaunguruma injini kila tukisimama zaidi ya dakika tano. Siku ya tatu nikamwomba funguo.

Tatu, majina. Watakuwemo wanaosema Acacia na watakuwemo wanaosema Vachellia na Senegalia. Mkutano wa wanabotania wa Vienna mwaka 2005 uliamua jina Acacia libaki kwa miti ya Australia, na migunga yetu ikapewa majina mengine. Wazee wengi hawajawahi kusamehe. Usiingilie ule ugomvi, chukua chai yako.

Nne, na hili nakuomba sana: usiseme kila mti ni dawa ya tumbo. Waongozaji wetu wakikosa la kusema, mti unatibu malaria, tumbo na nguvu za kiume. Sema unachokijua. Muthiga, kwa mfano: gome lake linawasha kama pilipili, watu wa huku wamelitafuna kwa kikohozi na meno tangu zamani. Ukisema hivyo umesema kweli.

Kaskazini_Arusha

Mkuu, nakusalimu kutoka ng'ambo ya mpaka. Swali moja tu: nani ataendesha? Kama ofisi inataka uendeshe na uongoze kwa malipo ya mtu mmoja, hapo ndipo utakapoanguka, si kwenye Leonotis. Mtu wa mimea anatazama kando ya barabara, dereva anatazama barabara. Na watu tisa wenye mabegi na vifaa vya kamera ni magari mawili. Wadai madereva wawili, wewe ukae kiti cha kushoto na darubini yako.

MkulimaWaKinangop

Ngoja niwaulize nyinyi mnaoleta wageni. Shambani kwangu kuna nyasi nimeziacha, na mle ndani anaishi yule ndege wa kifua cha manjano mwenye kucha ndefu, Macronyx sharpei, ambaye hayuko nchi nyingine yoyote duniani ila Kenya. Anapenda nyasi fupi zenye mashina ya kujificha. Jirani zangu wamelima viazi hadi kwenye ua, mimi nimebaki na kondoo na hizo nyasi.

Mwezi uliopita gari likasimama, wakashuka watu sita na kijana wa kuwaongoza, wakapita katikati ya kabeji zangu bila hodi. Kijana ana spika ndogo anaipiga sauti ya yule ndege tena na tena hadi ndege akatoka kuja kupigana na hewa. Walipompata wakapiga picha, wakaondoka. Hata "asante mzee" sikusikia. Kampuni siitaji, wanajijua.

Wewe wa Lang'ata, hata kama njia yako haipiti kwetu, kila mahali kuna mwenye shamba. Bisha hodi. Mchukue kijana wa hapo akutembeze na umlipe yeye, si umtupie chenji. Nitakapoona nyasi zinaleta zaidi ya viazi sitahitaji kuhubiriwa juu ya ndege.

DerevaWaLangata

Mzee wa Kinangop, pole sana, na nakubali kosa kwa niaba ya wenzangu. Hizo spika hata mimi nimezitumia, sidanganyi.

Mama Muhugu, nimesoma mara tatu. Hapo kwa chui wa kwenye redio umenishika. @Kaskazini_Arusha, ofisi inataka niendeshe gari la kwanza na niongoze. Sikuwa nimeliona kama tatizo hadi umesema.

BintiWaMigunga

Kaka, mimi nina ngazi ya fedha, na hadi leo nikifika hotelini nimevaa sare meneja hunipita akamsalimia dereva wangu kama kiongozi wa msafara. Tuyaache hayo.

Nakupa kitu cha siku ya kwanza, hapa hapa kwenye Mbuga ya Nairobi, kwa sababu utakuwa na wageni wamechoka na ndege ya usiku na wanahitaji kuamka. Waongoze pale Athi Basin, tafuta ile migunga mifupi yenye vinundu vyeusi vilivyovimba chini ya miiba. Upepo ukipita kwenye vitundu vya vile vinundu, vinapiga mluzi. Usishuke garini mahali pasiporuhusiwa, sogeza gari hadi tawi lifike dirishani. Kisha gonga kinundu kimoja kwa kalamu. Usiseme kitu. Hesabu hadi tano. Sisimizi watamwagika, mikia juu, na harufu kali kidogo. Mti unawapa nyumba na asali, wao wanaulinda dhidi ya wanaokula majani, hata ndovu akiingiza mkonga humo anaujutia.

Hapo ndipo uwape kisa cha Ol Pejeta, ile hifadhi ya wanyama kule Laikipia. Kuna sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, wanatapakaa na kuua hawa wenyeji. Mti ukikosa walinzi, ndovu wanauvunja. Miti ikipungua, simba anakosa pa kujificha anapomvizia punda milia. Watafiti waliofuatilia, wakaandika mwaka 2024, walikuta kwamba punda milia walikuwa asilimia 67 ya windo la simba mwaka 2003, na kufika 2020 wameshuka hadi asilimia 42. Simba wakageukia nyati. Unaona? Umewaanzia kwenye mwiba ukawaishilia kwa simba. Wewe ni mtu wa simba, basi ingia mimea kwa mlango huo.

NyikaTu

Sawa, hiyo ya sisimizi nimeipenda. Nafuta maneno yangu nusu.

MzeeWaNanyuki

Mlima usiuchezee. Kambi ya Old Moses iko mita 3,300 na ya Shipton's 4,200. Watu wa miaka sabini usiwakimbize Shipton's eti ndiyo ratiba ilivyoandikwa. Kaeni Old Moses siku mbili, pandeni polepole mchana mkarudi kulala. Mtazikuta lobelia kabla hamjachoka.

Na waamshe mapema siku moja, kabla jua halijatoka. Ile lobelia fupi, ya keniensis, hukusanya maji katikati ya majani yake kama bakuli. Usiku tabaka la juu linaganda, chini yake maji hayagandi, na kichipukizi kinalala humo salama. Mwache mgeni aguse barafu kwa kidole chake, aione imekatika kama kioo. Jua likichomoza kidogo tu hiyo barafu haipo, na umebaki unaeleza kwa maneno.

ZubedaWaKilifi

Kakamega mmepewa, sisi wa msitu wa Arabuko-Sokoke huku pwani na bundi wetu tumesahaulika kama kawaida. Haya, safari njema.

MamaMuhugu

Nimesahau moja. Kila jioni kabla ya chakula mnakaa na orodha, mnasoma yote mliyoyaona siku hiyo, kila mtu anaweka alama. Wageni wa aina hii wanaipenda kuliko chakula chenyewe. Usiyoyajua mchana andika "ukoo huu, jina bado", piga picha ua, jani juu na jani chini, na shina. Weka iNaturalist, ile programu ya kutambua mimea na wanyama, watu wenye ujuzi wanajibu. Usiiamini programu yenyewe ikibahatisha, mimea yetu huichanganya sana.

Na Jumatano nenda Makumbusho, saa mbili na nusu asubuhi, yale matembezi ya kutazama ndege ya chama cha Nature Kenya ambayo Fleur Ng'weno alianza kuyaongoza mwaka 1971. Nenda ukawaone wanaojua wanavyojibu wasipojua.

DerevaWaLangata

Wadau, narudi na habari, wiki tatu baadaye.

Jumatano mbili nimeenda. Ya kwanza tulikuwa watu kama thelathini, wanafunzi, wazee, Mhindi mmoja mwenye darubini ya zamani kuliko mimi. Kuna ndege mdogo wa kahawia alitua kwenye majani, akapotea. Watu wakamgeukia kiongozi. Akasema, "Sikumwona vizuri, sijui." Tukaendelea kutembea. Hadi saa nne alikuwa amesema "sijui" mara mbili, na bado watu walikuwa wanamfuata yeye tu.

Ofisi nimewaambia nakubali, ila kwa madereva wawili na mwanabotania mmoja wa kutusindikiza Kakamega. Wamenung'unika, wamekubali dereva, mwanabotania wanasema nimlipe kutoka kwa nyongeza yangu. Nimepiga hesabu, nimeamua nitamlipa. Karo itabidi ingoje kidogo, mama watoto nimeshamweleza (hakufurahi).

Jana nilipita kando ya reli hapa kwetu nikakuta mmea wa maua ya zambarau. Nikasokota shina. Pembe nne. Nilicheka peke yangu hadi mwenye bodaboda akasimama kuniuliza kama niko sawa.

Sasa swali la mwisho. Ile lenzi ndogo ya mkononi ya kutazamia maua, hapa mjini naipata wapi bila kuagiza nje?

BintiWaMigunga

Uliza kwa masonara na mafundi wa saa, wao ndio huwa nazo. Chukua ya kukuza mara kumi. Watajaribu kukuuzia ya mara thelathini kwa kuwa namba ni kubwa, usinunue, utaona giza tu. Na uitie kamba shingoni, yangu ya kwanza iko bado mahali fulani kwenye nyasi za Ngong.