Mjadala: Nissan X-Trail T32 ya siti saba, au ujibane ufikie Toyota Prado?

Mtoa mada: Wakuu, familia ya watu saba, safari za Dar–Iringa. T32 ya petroli, injini ya lita 2.0, au Prado TRJ150 ya lita 2.7? Naomba hoja za kiufundi.

Mpanda Kitonga: T32 ni gari ya watu watano. Safu ya tatu mtu mzima anakaa magoti kifuani, na ukizisimamisha siti zile buti imekwisha. ISOFIX (ndoano za kufungia kiti cha mtoto) ziko safu ya pili, kwa hiyo kiti cha mtoto mchanga nyuma kule sahau. Ile ya haibridi kutoka Japani haina siti saba kabisa. Halafu CVT, giaboksi ya mkanda na puli isiyo na gia za hatua! Ukiwa na watu saba mlimani inachemka, inajipunguza nguvu.

Dada wa Spea: CVT mnaziua nyie mafundi. NS-3, oili ya CVT ya Nissan, inatolewa, inawekwa ATF ya kawaida (oili ya otomatiki za gia), mkanda wa chuma unateleza kwenye puli, mnasema gari bovu.

Fundi Giaboksi: Dada, usitukusanye kapu moja. Kazi inafanywa hivi: gari liwe sawa juu ya lifti, mwaga, jaza NS-3, washa injini, pitisha gia zote taratibu. Oili ikifika nyuzi 35 hadi 45, fungua nati ya kupimia. Ikidondoka tone tone, funga. Sasa mteja anakuja na dumu lake la bei poa na bado ana haraka. Hapo mwuaji ni nani?

Dada wa Spea: Ni wewe uliyekubali kulimimina. Na mbona sampu, trei ya chini ya giaboksi, hujaigusa? Sumaku zilizomo zikiwa na vipande vya chuma, si unga laini tu, oili mpya haitaokoa kitu.

Fundi Giaboksi: Nimeeleza kubadilisha oili, sijaeleza ukaguzi. Soma kwanza!

Mtoa mada: Na Prado jamani?

Mpanda Kitonga: Ina chesisi (fremu ya chuma chini ya bodi), otomatiki ya gia za kawaida, taimingi ya cheni. Mafuta inakunywa, na mlimani 2.7 ni nzito.

Dada wa Spea: Ukibaki na T32, iendeshe nusu saa ipate moto ndipo ulipe. Ikitetemeka kwenye spidi 20 hadi 40, au RPM (mizunguko ya injini) ikipanda na gari haliongezi mwendo, liache hapo hapo. Na fundi asikwambie ni plagi.

Fundi Giaboksi: Plagi nazo zinatetemesha gari, dada. Pima kwa mashine kwanza.