Tupeane uzoefu: siku nchi ilipokuchosha, kesho yake ulifanya nini?

Mwanzisha mada, Sakina, Arusha

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Mada hii nimekaa nayo moyoni kwa muda mrefu kabla ya kuileta hapa. Jumatano ya tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na haikurudi kwa siku kadhaa. Mimi ni mtunza hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi, na siku zile nilikaa ndani na watoto wangu wawili, nikisikiliza redio iliyokuwa ikisema machache na majirani waliokuwa wakisema mengi.

Lililoniumiza zaidi lilitokea baadaye, tuliporudi kazini. Tulisalimiana kama kawaida, "salama?" "salama", kila mtu akavuta kiti chake. Tulikuwa watu saba katika chumba kimoja, na tangu asubuhi hadi saa saba mchana hakuna aliyemuuliza mwenzake alilalaje siku zile, wala kama ndugu zake walioko miji mingine wapo. Dada anayetuletea chai alipoingia alishangaa akasema, "Leo kuna msiba hapa?" Hakuna aliyemjibu.

Tumelelewa tukiambiwa kuwa amani ni tunu, nami sina ugomvi na maneno hayo. Ila sikumbuki kufundishwa, shuleni wala kanisani, kwamba mtu aliyechoshwa na nchi yake aupeleke wapi uchovu huo. Uchovu wenyewe si wa uchaguzi peke yake. Wapo waliochoshwa na ajira, wengine na ardhi, wengine na faili linalozunguka meza kwa meza kwa miaka minne. Naomba kila mmoja asimulie lililompata yeye mwenyewe, asiitaje ofisi wala mtu, na asisahau sehemu ya pili ya swali, kwa sababu ndiyo ninayoihitaji: kesho yake ulifanya nini?

Mkulima wa Kibosho, Moshi

Mwanangu wa Sakina, umeuliza swali la wazee, basi nivumilie nikijibu kizee. Nina miaka 76. Baba yangu alikuwa mwanachama wa KNCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoanzishwa mwaka 1933, na alikuwa na mkebe wa majani ya chai aliotunzia risiti zake zote za kahawa. Kahawa ililipwa kwa awamu: malipo ya kwanza ukipeleka mzigo, kisha unasubiri malipo ya pili, na mwaka ukiwa mzuri yanakuja ya mwisho. Ada zetu za shule zilitoka katika hayo ya pili. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Baba aliuweka ule mkebe juu ya kabati, akawa kila Jumamosi anaushusha, anazihesabu risiti, anaurudisha. Miaka ya themanini vyama vilirudishwa, lakini baba hakuwa tena na moyo ule. Aliacha mibuni izeeke, akapanda migomba zaidi katikati yake.

Sasa nikueleze jambo ambalo kwa mtazamo wangu ndilo jibu lako, au nusu ya jibu. Kwetu Uchaggani mtu akikukosea, hata kosa likiwa kubwa, akaja kwako na jani la isale, huna budi kumsamehe. Isale ndiyo ileile tunayoipanda mipakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo la nyumbani, na makaburini, wala si mti wa kuchezea. Mwaka 1989 kaka yangu alisogeza mpaka wetu. Hakuusogeza sana, labda hatua tatu, lakini katika kihamba chembamba hatua tatu ni migomba sita. Tulikaa miaka miwili bila kusalimiana, tukisali kanisa moja, yeye benchi la mbele na mimi la nyuma. Asubuhi moja nikiwa nakunywa chai nilimwona amesimama kwenye njia ya kuingilia nyumbani na jani la isale mkononi. Hakusema neno. Nami sitawadanganya, nilimwacha asimame mpaka chai yangu ikapoa. Kisha nikamkaribisha. Mpaka haukurudishwa wote, hatua moja imebaki kwake hadi leo, nami sijaidai tena.

Tangu hapo nimejiuliza mara nyingi, jirani akikukosea analeta isale, ndugu akikukosea analeta isale. Je, nchi ikikukosea, ni nani wa kuibeba? Baba yangu hakudai fidia. Alisubiri tu mtu yeyote aje aseme, "Mzee, tulikosea kwa zile risiti zako." Alifariki mwaka 2003, na mkebe ule tukamzika nao. Mimi kesho yake, kama unavyouliza, nilirudi shambani, kwa sababu ng'ombe hajui kuwa umechoka.

Mwalimu asiye na darasa, Ngarenaro

Shikamoo mzee wangu wa Kibosho. Umenitoa machozi nikiwa kwenye daladala, na konda akadhani nimeibiwa.

Nilihitimu shahada ya ualimu mwaka 2019, masomo ya hisabati na fizikia, yale ambayo kila mwaka tunasikia walimu wake hawatoshi. Nimeomba ajira mara kumi na moja. Mara moja niliitwa kwenye usaili katika mkoa mwingine, nikakopa nauli, nikapiga pasi shati langu jeupe usiku kwa pasi ya mkaa kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, na cheche moja ikatoboa tundu dogo kwenye kola. Nilifika nikakuta foleni imezunguka jengo zima. Nilifanya mtihani wa saa moja huku nimeinamisha kidevu ili tundu lisionekane. Jina langu halikutoka. Sikuwahi kujua nilipata alama ngapi, na hilo ndilo lililonichosha kuliko kukosa kazi yenyewe, kwa maana mwanafunzi wangu akikosea hesabu nawajibika kumwonyesha alipokosea.

Kesho yake sikufanya lolote la kusifiwa. Nililala siku mbili. Siku ya tatu mama mwenye nyumba alinigongea, akasema mwanawe wa kidato cha pili analia na milinganyo, na kodi ya mwezi inaweza kusubiri. Leo nina watoto tisa kwenye baraza la mama huyo kila jioni, ubao ni mlango wa kabati la zamani uliopakwa rangi nyeusi, na mchana nauza mitumba soko la Kilombero. Wakija wageni wakauliza kazi yangu, nasema mwalimu. Nikiwa peke yangu sina hakika sana.

Dereva mstaafu, Kijenge

Nimesoma yote. Naomba nitofautiane kidogo na baadhi ya waliozungumza, na hasa na wale wanaonitumia ujumbe wa faragha wakisema dawa ni kuzima redio na kumwachia Mungu. Mungu tumwachie yaliyo yake.

Nilikuwa dereva wa teksi mjini hapa Arusha kuanzia mwaka 1991. Kama kuna mji umeona watu wakitafutiwa amani, ni huu. Makubaliano ya Rwanda yalisainiwa hapa tarehe 4 Agosti 1993, na miezi minane baadaye mauaji ya kimbari yakaanza. Kisha ikaja mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyosikiliza kesi za mauaji hayo, pale kwenye jengo la mikutano la AICC, hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Kuanzia mwaka 1998 wakaja Warundi. Mwalimu Nyerere alikuwa msuluhishi wao mpaka alipofariki Oktoba 1999, akafuata Mandela, na mkataba ukasainiwa tarehe 28 Agosti 2000. Siku hiyo Rais Clinton wa Marekani alikuwepo, barabara zikafungwa, nami sikupata hata abiria mmoja.

Katika miaka hiyo niliwabeba wajumbe wawili wa pande zilizokuwa zikipigana. Mwanzoni kila mmoja alikuwa na safari yake. Nikimfikisha huyu hotelini, namrudia yule. Jioni moja ya mvua gari lilikuwa langu peke yake pale nje, wakapanda wote wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma. Kutoka AICC hadi Njiro hawakusemeshana. Tulipokaribia kufika, yule wa nyuma alimuuliza mwenzake kwa Kiswahili, sijui kwa nini kwa Kiswahili, "Mama yako bado mzima?" Yule wa mbele akachelewa kujibu, kisha akasema, "Hapana. Mwaka wa tisini na sita." Basi. Walishuka. Tangu siku ile nilikuwa nikiwabeba pamoja.

Sasa nawauliza nyinyi watoto wangu: mji huu uliowapokea watu waliouana, ukawaweka meza moja, umeshindwaje kuulizana habari wenyewe kwa wenyewe? Tarehe 5 Januari 2011 polisi na wafuasi wa upinzani walipambana hapa mjini na watu wakafa. Mwezi Mei 2013 bomu lilirushwa kanisani Olasiti, na tarehe 15 Juni mwaka huohuo jingine likalipuka kwenye mkutano wa kampeni viwanja vya Soweto, nami nilikuwa nimeegesha mtaa wa pili nikimsubiri abiria ambaye hakurudi hadi saa tatu usiku, miguu peku. Wageni tuliwapa meza. Sisi kwa sisi tulifagia barabara, kesho yake tukafungua maduka. Mzee wa Kibosho anauliza nani aibebe isale. Mimi nauliza pia, mwenye kuipokea yuko wapi, ikiwa kila mtu amejifungia ndani na anasema "salama"?

Mama wa Engare Nanyuki, Meru

Nitakuwa mfupi kwa sababu chaji inaisha. Babu yangu alikuwa miongoni mwa Wameru walioondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951 ili ardhi wapewe walowezi. Wazee walichanga fedha, mwaka uliofuata wakamtuma Kirilo Japhet akazungumze Umoja wa Mataifa kule New York. Ardhi hawakurudishiwa kwa safari ile. Lakini babu alipotusimulia hakuanza na nyumba kuchomwa, alianza na mchango: nani alitoa mbuzi, nani alitoa shilingi ngapi. Aliyajua majina yote.

Mimi nilichoshwa na mradi wa maji wa kijiji chetu, uliozinduliwa kwa ngoma na kukauka baada ya miezi mitano. Kesho yake nilikwenda kusoma taarifa ya mapato na matumizi, nikaikuta imebandikwa nyuma ya mlango wa ofisi, mlango ambao siku zote huachwa wazi ukiegemea ukuta. Niliufunga mlango nikaanza kusoma. Mtendaji akasema nimemzibia mwanga. Nikamwambia samahani, baba, nitasoma haraka. Sasa tunakwenda akina mama wanne kila baada ya miezi mitatu, mkutano wa kijiji unapopaswa kufanyika, hata kama haujaitishwa. Tunakaa pale nje na visu vyetu tukimenya viazi. Maji bado hayatoki, isipokuwa bomba la shuleni.

Mama wa mtoto mmoja, Pasua, Moshi

Nimesita kuandika. Mwanangu anasoma chuo Dar es Salaam. Ile Jumatano ujumbe wangu wa mwisho kwake ulibaki na alama moja. Jioni tukasikia kwamba Dar watu wameamriwa wasitoke nje. Simu ya kawaida ilikuwa inaita, haipokelewi, kisha ikaacha kuita. Nilikaa siku tatu. Nilipika kila siku chakula cha watu wawili, sijui kwa nini, na asubuhi nikampa mbwa wa jirani.

Alirudi akiwa mzima, namshukuru Mungu, na ninajua kuna kina mama ambao hawakuandikiwa hivyo, kwa hiyo naona haya hata kulalamika. Ila hakurudi yule niliyempeleka stendi. Simu yake anailaza kifudifudi. Nikimuuliza, anajibu, "Niko sawa, mama." Wajomba zake wamekuja kumwambia ashukuru yuko hai na asiyafuatilie mambo. Anawaitikia vizuri, anawasindikiza hadi barabarani, akirudi anakwenda kulala.

Ndugu mwanzisha mada, wewe unauliza kesho yake. Kwangu kesho yake haijafika, nami nisingependa mtu aniambie amani yangu iko wapi.

Mwanzisha mada, Sakina

Mama yangu wa Pasua, sitakuambia. Nimesoma ulichoandika kisha nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya tangu Novemba. Leo saa nne, chai ilipoletwa, nilimuuliza mwenzangu wa meza ya pili kama ndugu zake wa Mwanza walikuwa salama siku zile. Alinitazama kama niliyemdai fedha. Akasema kaka yake alijeruhiwa mguu, na kwamba amekuwa akituma fedha za matibabu kila mwezi. Tumekaa naye meza mbili miaka sita. Dereva wetu wa Kijenge, nimekuelewa.

Mkulima wa Kibosho, Moshi

Mama wa Pasua, kutoka kwangu hadi kwako ni daladala moja. Nina ndizi za mchare zimekomaa, siku ukiona vema umtume kijana aje anisaidie kuzikata, maana mgongo wangu umegoma. Sitamuuliza chochote.

Mama wa mtoto mmoja, Pasua

Asante sana, baba. Nitamwambia.

Nilisahau kuandika kitu kimoja. Jana usiku tulikuwa tunachambua maharage, umeme haupo, kila mmoja na sinia lake. Bila kuinua kichwa aliniuliza kama bado ninayo namba ya mama wa kijana aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja chuoni. Nilimtajia tarakimu moja moja, akaziandika. Hajapiga bado. Lakini asubuhi nimeikuta simu yake mezani, imelala chali.