Wadau wa Kigoma, nawaambiaje majirani kuhusu dengue wakati maji yenyewe ya mgawo?

Mwana wa Gungu
Mwakeye wadau. Niko kwenye kamati ya afya ya mtaa, mvua zimeanza na nina wasiwasi kweli. Maji ya bomba kwetu ni ya mgawo so yakitoka mtu anajaza kila chombo, mapipa, madumu yaliyokatwa, mpaka mabeseni, halafu kuna gereji ina mlundo wa matairi yamejaa maji viluwiluwi unaviona kwa macho. Nikitaja dengue, hii homa ya virusi inayoenezwa na mbu, naambiwa hiyo ya watu wa Dar, sisi vyandarua tunavyo. Sasa huyu mbu wa dengue anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama, chandarua cha usiku kitamzuia vipi? Na treni inashusha watu kutoka huko huko Dar, akishuka mmoja ana virusi kwenye damu mbu wa kwetu wakamuuma ndo imeanza hivyo. Lakini mama aliyepanga foleni tangu alfajiri siwezi kumwambia amwage maji. Nisemeje?

Nesi Mstaafu Ujiji
Mwanangu usimwambie amwage, mwambie afunike na asugue. Huyu mbu anabandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na yanakaa makavu hata miezi kadhaa hayafi. Ndo maana mtu anamwaga, anajaza upya, na viluwiluwi vinarudi. Kwa joto letu yai linakuwa mbu kama baada ya wiki moja hadi siku kumi, kwa hiyo pipa likikaribia kuisha lisuguliwe kwa brashi ndani yote, kila wiki. Kama hana mfuniko afunge kanga ya zamani kwa mpira wa tyubu, ikazwe isibonyee ikagusa maji.

Kibirizi Kwetu
Kwanini halmashauri isipulize dawa mitaa yote tumalizane? Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafanya usafi na mbu wapo tu

Mdau wa Reli
@Kibirizi Kwetu mkuu 2019 nilikuwa Dar dengue ilivyochachamaa, dawa ya kupuliza inaua mbu anayeruka, mayai na viluwiluwi vinabaki, siku chache wengine hao. Na huo usafi tunafagia barabara na kuzibua mitaro, wakati huyu anapenda maji masafi yaliyotulia uani, kopo, kifuu, sahani ya chini ya maua, hata mitumbwi mibovu hapo Kibirizi mvua inaijaza, igeuzeni kifudifudi.

Mama Wawili Mwanga
Mi mwanangu alipata homa, macho yanauma kwa nyuma, viungo vyote, kupima malaria hamna, duka la dawa wakanipa mseto na diklopa. Ni sawa?

Nesi Mstaafu Ujiji
Mama Wawili, hapana. Malaria ikiwa hamna, mseto wa nini? Na homa ambayo haijajulikana usimpe diklopa, brufen wala aspirini, kama ni dengue zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Panadol kwa kipimo chake na maji mengi, dawa ya kuua kirusi chenyewe haipo. Na tafadhali sana, homa ikishuka usimwache, hatari mara nyingi inakuja hapo hapo: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi kutoa damu, kulegea. Ukiona hata kimoja kimbia hospitali usiku huo huo. Mchana alale kwenye chandarua, mbu asichukue kirusi kwake kupeleka kwa jirani.

Mdau wa Reli
Mwana wa Gungu jaribu hii, chota viluwiluwi kwenye pipa la mtu, tia kwenye chupa nyeupe na maji yake, funga kitambaa, muachie sebuleni kwake. Siku chache mbu wanaruka humo, wana madoa meupe miguuni. Akiona wametoka kwake hatakubishia tena.

Mwana wa Gungu
Shukrani sana bibi nesi na mkuu wa reli. Chupa naanza nazo kwa wamama wa bombani. Ila matairi jamaa anasema ni mali, anauza, hataki yatobolewe

Kibirizi Kwetu
Basi ayaingize chini ya bati au afunike turubai, yakilowa ayamwage yote. Nenda na mwenyekiti wa mtaa usiende peke yako